Njiti Haokolewi na Chupa

Njiti akizaliwa Bariadi, ndugu huuliza lilelile: "Daktari, chupa ipo?" Wakiambiwa zimejaa, mjomba keshakodi gari, mtoto kafungwa kitenge, safari ya Mwanza kupitia Lamadi na Magu, kumuwahisha Bugando. Anafika wa baridi. Swali hili limenichosha.

Chupa, yaani inkubeta, inapasha joto, basi. Haimpumulii mtoto wala haimnyweshi. Umeme ukikatika, hata joto lenyewe linaisha, na wakilazwa wawili ndani ya chupa moja wanaweza kuambukizana. Joto hilo kifua cha mama kinalo usiku kucha. Na msiniambie kangaruu, yaani kumlaza mtoto kifuani ngozi kwa ngozi, ni ya hospitali maskini! Mwaka 2021 yalichapishwa matokeo ya utafiti wa nchi tano, Tanzania ikiwemo, kwa watoto wa kuanzia kilo 1 hadi chini ya kilo 1.8 waliolazwa hospitalini. Kati ya waliowekwa kifuani mara tu walipozaliwa walifariki asilimia 12. Waliotengwa na mama kwanza hadi hali itulie, karibu asilimia 16. Utafiti ukasimamishwa kabla ya muda wake, maana faida ilishaonekana. Bado kuna anayeniuliza chupa.

Hospitali za mkoa na mkoa hazipishani kwenye joto; hupishana kwenye kumsaidia mtoto kupumua. Mapafu ya njiti wa wiki 30 mara nyingi hujikunja anapotoa hewa. Hapo anahitaji CPAP: hewa ya msukumo puani, na mpira mwingine umezamishwa kwenye kopo la maji yanayotoa mapovu. Mapovu yakikoma saa tisa usiku, lazima awepo muuguzi wa kuyaona, tena muuguzi asiye na wazazi wengine kumi wa kuhudumia. Bugando ni hospitali ya kanda, ina mabingwa. Simiyu, iliko Bariadi, ni mkoa wa 2012, na jengo siku zote hukamilika kabla ya watumishi.

Kwa hiyo: uchungu ukianza kabla ya wakati, uwe Meatu au Itilima, nenda kituoni mapema. Rufaa bora ni ya mtoto aliye bado tumboni. Uliza kuhusu sindano ya kukomaza mapafu. Akishazaliwa, aende kifuani, ngozi kwa ngozi, na kofia. Maziwa ya mama yakamuliwe. Baba naye ana kifua. Jiko la mkaa chumbani, marufuku. Akipewa rufaa, asiondoke bila muuguzi na oksijeni. Usikodi gari: piga 115, m-mama, usafiri wa dharura wa wajawazito, waliojifungua na wachanga. Hulipi kitu.