Kukosoa hadithi ya kijana: Funzo kutoka kwa washairi wetu

Kijana aliyeipenda riwaya hakubali upesi kuagana na wahusika wake. Huchukua daftari, akamwoza binti aliyeachwa bila mume, akamwokoa shujaa aliyezama baharini, kisha akawapa wenziwe wasome. Wenziwe nao huongeza yao. Haupiti muda mrefu kabla mmoja hajasema kwamba hadithi ya mwenziwe ni mbovu. Mwenye hadithi hukasirika, na kundi hugawanyika. Wapo wanaoshikilia kwamba kila kazi isifiwe, kwa kuwa mtunzi hakulipwa na anaandika kwa mapenzi tu. Wapo wanaojibu kwamba kazi mbovu ikisifiwa, hakuna atakayejifunza kuandika.

Huku Oldeani, kwenye mashamba ya kahawa yaliyo chini ya mlima wenye jina hilo, mzozo wa namna hii una ncha ya pili. Watoto wengi wa Karatu huanza kusema Kiiraqw nyumbani kabla hawajakijua Kiswahili. Mtoto kama huyo akiambiwa kuwa Kiswahili chake ni cha bara, hasikii kwamba sentensi yake imekosolewa. Husikia kwamba yeye na watu wake hawastahili kuandika, na daftari hufungwa. Ndiyo maana jambo hili, dogo kwa kulitazama, linastahili kufikiriwa na wazazi.

Kutunga juu ya kazi ya mwingine ni desturi ya kale katika fasihi ya Kiswahili. Washairi wa Lamu na Pate walikuwa na utungo uitwao takhmisa: mshairi huchukua beti za mtangulizi wake, na katika kila ubeti huongeza mishororo yake mitatu juu ya miwili ya mwenyewe, hata ikatimia mitano. Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir, yule yule aliyetunga Al-Inkishafi, alifanya hivyo kwa beti zinazonasibishwa na Fumo Liyongo. Katika takhmisa maneno ya mwenye asili hubaki kama yalivyo, na msomaji hujua mishororo ipi ni ya nani. Aliyeongeza hujipima hadharani mbele ya mkubwa wake, na kila mwenye sikio husikia kama ya kwake yamelingana na ya yule. Basi anayeendeleza hadithi ya mtu hana la kuonea haya, madhali anamtaja mwenye hadithi na haibi jina lake.

Na ugomvi juu ya ubora nao ni wa zamani. Msafiri wa Karatu anayefika jijini Arusha huuona uwanja wa mpira wenye jina la Sheikh Kaluta Amri Abedi. Wengi wanaujua kwa mechi, na huenda baadhi yao hawajui kwamba aliyepewa heshima hiyo, mbali na kuwa waziri katika serikali ya Mwalimu Nyerere, alikuwa mshairi. Mwaka 1954 alitoa kitabu kiitwacho Sheria za Kutunga Mashairi na Diwani ya Amri. Humo alieleza vina, mizani, mishororo na beti, ili anayetaka kutunga ajue atapimwa kwa nini. Tukumbuke pia kwamba Sheikh Amri alizaliwa Ujiji, kwenye Ziwa Tanganyika, mbali sana na pwani ya Bahari ya Hindi. Aliyewaandikia washairi sheria alikuwa mtu wa bara.

Miaka 20 baadaye, mwaka 1974, Euphrase Kezilahabi wa Ukerewe alichapisha Kichomi, diwani yenye mashairi yasiyofuata vina wala mizani. Wenziwe Kulikoyela Kahigi na Mugyabuso Mulokozi nao waliitetea njia hiyo mpya. Hapo palizuka kile ambacho walimu wa fasihi hukiita mgogoro wa ushairi. Wanamapokeo walisema kwamba tungo isiyo na vina na mizani si shairi, na wengine wakaongeza kwamba hao vijana wameziacha sheria kwa kuwa zimewashinda. Wanamabadiliko walijibu kwamba vina na mizani peke yake havimfanyi mtu kuwa mshairi, na kwamba mawazo yasifungwe kwa hesabu ya silabi. Maneno yalikuwa makali pande zote mbili.

Lakini tuvitazame vitabu vilivyotoka katika ugomvi ule. Cha Sheikh Amri kina sheria, kisha diwani yake mwenyewe. Kahigi na Mulokozi, mwaka 1982, walitoa Kunga za Ushairi na Diwani Yetu: hoja kwanza, kisha mashairi yao. Jumanne Mayoka, aliyesimama upande wa mapokeo, naye aliandika Mgogoro wa Ushairi na Diwani ya Mayoka. Watu waliopingana karibu katika kila jambo walikubaliana katika hili moja bila kuagana: anayetoa kipimo aweke na kazi yake mezani, ipimwe kwa kipimo hicho hicho. Matunda yake ni kwamba leo mwanafunzi wa sekondari husoma mashairi ya kimapokeo na ya kisasa darasani, na kila upande umemwachia maelezo ya kazi yake.

Vijana wetu wakiiga desturi hiyo, nusu ya matusi itakwisha yenyewe. Anayesema hadithi ya mwenziwe imepooza na aandike ukurasa mmoja ulio hai, wenziwe wauone. Na anayekosoa aonyeshe kosa mahali lilipo. Kusema, “Katika sura ya tatu umemzika mjomba, na katika sura ya saba anakunywa chai,” kunamsaidia mtunzi arekebishe. Kusema, “Wewe hujui kuandika,” hakumpi la kufanya ila kuacha. Neno la kwanza linahusu kazi, la pili linamhusu mtu. Surat Al-Hujurat, katika aya ya 11, inawakataza wanaume wasiwadharau wanaume wenzao na wanawake wasiwadharau wanawake wenzao, na inakataza kuitana kwa majina mabaya. Aya inayofuata inakataza kusengenyana. Ukosoaji unaopitishwa nyuma ya mgongo wa mtunzi, yeye asipate nafasi ya kujibu, unaingia hapo.

Mtunzi naye ana wajibu wake. Aliyewapa watu kazi yake waisome amewaruhusu kuisema. Akiambiwa kweli kwa heshima, asikimbilie kusema kwamba anaonewa wivu. Sifa za bure zinamdhulumu yeye kuliko mtu mwingine yeyote, kwa kuwa zinamwacha pale pale alipoanzia.

Kwa wazazi liko moja zaidi. Mama au baba anayelikuta daftari la mtoto huyatazama maadili kwanza, na hiyo ni haki yake. Hata hivyo asichanganye hukumu mbili. Hadithi inaweza kuwa na mafunzo mema na bado ikawa imetungwa ovyo. Nyingine inaweza kutungwa kwa ustadi na kubeba jambo lisilofaa. Kila moja isemwe kwa jina lake: “Hapa umeandika vizuri, lakini jambo hili silikubali, na sababu ni hii.” Mtoto anayesikia hivyo hujua kwamba amesomwa. Anayechaniwa daftari bila maelezo huendelea kuandika, ila sasa huficha.

Tumuulize kijana wiki hii anaandika nini, tuombe kukisoma, na tukisome hadi mwisho kabla ya kusema lolote. Akituletea tena sura inayofuata kwa hiari yake, tutajua kwamba nasaha yetu ilipokewa.