Charlotte Kalla: Mwanadada wa Sweden aliyefuta pengo la sekunde 25 pale Sochi

Kwenye mbio ndefu za skii, sekunde 25 ni nyingi sana. Aliye mbele anapotea kabisa machoni, anaingia msituni, na wewe unabaki na theluji na pumzi yako. Wengi wakifika hapo huanza kupigania nafasi waliyonayo tu.

Charlotte Kalla hakuwa hivyo.

Kalla alizaliwa Julai 22, 1987, akakulia Tärendö, kijiji kidogo cha kaskazini ya mbali kabisa ya Sweden, karibu na mpaka wa Finland. Huko theluji inakaa miezi mingi ya mwaka, na mtoto kuvaa skii ni kama mtoto wa kwetu kuchezea mpira.

Mchezo wenyewe si ule wa kuteremka mlima kwa kasi unaouona kwenye filamu. Huu ni wa masafa: unapanda, unateremka, unasukuma kwa fimbo mbili kwenye tambarare. Ndio mchezo alioshiriki Mkenya Philip Boit kwenye Olimpiki ya Nagano mwaka 1998. Una mitindo miwili. Wa kawaida, skii zinakwenda sambamba kwenye mifereji iliyochongwa kwenye theluji. Wa huru, mchezaji anasukuma kushoto na kulia kama anayeteleza kwenye barafu, na huo ndio wenye kasi zaidi. Kalla alikuwa mkali hasa kwenye huu wa pili.

Dunia ilimjua mapema Januari 2008, akiwa na miaka 20 tu. Yalikuwa mashindano ya Tour de Ski, mbio za siku kadhaa ambazo muda wako wote unajumlishwa. Wakati huo, siku ya mwisho anayeongoza alianza kwanza, wengine wakamfuata kulingana na pengo lao, kisha wote wakapanda Alpe Cermis nchini Italia. Yaani mlima ambao watu wengine huenda kuteremka, wao wanaupanda! Virpi Kuitunen wa Finland alikuwa mbele. Kalla akamkamata pale mlimani, akampita, akabeba taji.

Miaka miwili baadaye, kwenye Olimpiki ya Vancouver, alishinda kilomita 10 mtindo huru. Tangu mwaka 1968 hakuna mwanamke wa Sweden aliyekuwa ameshinda dhahabu ya mtu mmoja mmoja kwenye mchezo huu wa Olimpiki. Hizo si siku chache.

Lakini mbio zinazoeleza vizuri Kalla ni mtu wa aina gani ni za Sochi, Urusi, Februari 15, 2014. Zilikuwa mbio za kupokezana, wanawake wanne, kila mmoja kilomita 5. Sweden ilikuwa haijashinda dhahabu hiyo tangu 1960. Norway ndio walipewa nafasi kubwa, ila siku hiyo skii zao zilikataa kuteleza, wakamaliza wa 5. Kwenye mchezo huu nta inayopakwa chini ya skii ikikosea, hata bingwa anageuka mtu wa kawaida.

Ida Ingemarsdotter, Emma Wikén na Anna Haag walishakimbia. Kalla alipopokea zamu ya mwisho, Finland na Ujerumani walikuwa mbele kwa zaidi ya sekunde 25.

Hapo kuna jambo la kuelewa. Wawili wakiwa mbele pamoja, kila mmoja anamvizia mwenzake. Hakuna anayetaka kuongoza, kwa sababu wa mbele ndiye anayepasua upepo na wa nyuma anapumzika. Mwendo unapungua bila wao kujua. Anayewafukuza hana hesabu hizo, kazi yake ni moja tu. Kalla alikula pengo kidogo kidogo, akawafikia mwishoni, kisha kwenye mita za mwisho uwanjani akawapita wote. Finland walipitwa kwa nusu sekunde, Ujerumani kwa chini ya sekunde moja. Baada ya kilomita 20, tofauti ndiyo hiyo!

Sio kwamba alishinda kila mara. Enzi zake zilikuwa pia enzi za Marit Bjørgen wa Norway, mwenye medali 15 za Olimpiki. Hapohapo Sochi, Bjørgen alimzidi Kalla kwa sekunde 1.8 kwenye mbio zinazochanganya mitindo yote miwili. Ndio maana kati ya medali 9 za Olimpiki alizopata Kalla, 6 ni za fedha.

Mwaka 2015 alipata raha ya nyumbani, Falun, Sweden, kwenye Mashindano ya Dunia. Theluji ilikuwa inamwagika, wakali kadhaa wakakwama. Yeye alimwacha Jessica Diggins wa Marekani, aliyeshika nafasi ya pili, kwa sekunde 41.

Deni la Sochi alilipa Korea Kusini, Februari 10, 2018. Mbio zilezile za mitindo miwili, mpinzani yuleyule. Safari hii Kalla alichomoka peke yake kuelekea mwisho na kumwacha Bjørgen kwa karibu sekunde 8. Ilikuwa dhahabu ya kwanza kabisa kutolewa kwenye michezo ile.

Mwaka uliofuata alikuwa dada mkubwa kwenye timu ya Sweden iliyotwaa ubingwa wa dunia wa kupokezana, Seefeld, Austria, pamoja na Stina Nilsson, Ebba Andersson na Frida Karlsson. Alistaafu Machi 2022 akiwa na miaka 34.

Taji la Tour de Ski halikupata mwanamke mwingine wa Sweden hadi Januari 2023. Aliyelichukua ni Frida Karlsson, yuleyule mdogo wake wa Seefeld.