Kwihara, na Majina ya Wazee Wetu



Kila mwalimu wa dini, apokeapo vijana wawili watakao kufunga ndoa, huwauliza majina ya wazazi wao, na ya babu na bibi zao, apate kujua kama wao si ndugu wa karibu. Nasi tumeuliza neno hilo mara nyingi katika vigango vya Unyanyembe. Mara nyingi kijana hujibu vema, hata afikapo kwa bibi mzaa baba, hapo hunyamaza. Wengine wamesahau. Lakini wengine hunyamaza kwa sababu nyumbani wameambiwa, “Hayo yaache.” Juu ya neno hilo twataka kusema nanyi mwezi huu.

Katika nchi ya Uingereza ilitolewa amri mwaka 1538, kwamba kila parokia iwe na kitabu cha kuandikia ubatizo, ndoa na maziko. Majina ya wafalme yalikuwa yakiandikwa tangu zamani. Kwa amri ile hata mchunga kondoo wa kijijini akaandikwa, na mjukuu wake aweza kumtafuta na kumwona. Huku kwetu vitabu vya ubatizo vilikuja pamoja na misioni. Nyuma ya hapo, kitabu chetu ni kinywa cha mzee.

Tukitazame kijiji cha Kwihara, karibu na mji wa Tabora. Zamani njia ya misafara ilitoka Bagamoyo ikapita Ugogo, ikafika Unyanyembe, kisha ikaendelea mpaka Ujiji. Wapagazi wa Kinyamwezi walishuka pwani na pembe za ndovu mabegani, wakarudi na nguo na shanga. Burton na Speke walifika Tabora, wakati ule ikiitwa Kazeh, mwezi wa Novemba 1857. Februari 1872 Livingstone na Stanley waliingia Kwihara pamoja, wakakaa katika tembe moja. Stanley aliondoka mwezi wa Machi. Livingstone akangoja wapagazi mpaka Agosti. Twayajua hayo kwa kuwa wenyewe waliyaandika, na tembe lao lilijengwa upya mwaka 1957. Lakini wale waliowatwangia nafaka na kuwachotea maji, wengi wao hakuna aliyeandika majina yao.

Hata hivyo, katika wapagazi waliokuja Kwihara mwaka ule kumfuata Livingstone alikuwamo kijana ajuaye kuandika, Jacob Wainwright. Yeye alikuwa Myao, alitekwa utumwani, akaokolewa na Waingereza, akasomeshwa Nasik katika Bara Hindi. Livingstone alipokufa mwaka 1873, katika nchi iitwayo leo Zambia, Susi na Chuma na wenzao waliuchukua mwili wake kurudi pwani, naye Jacob akaiandika safari ile. Walipofika Unyanyembe, Mwingereza Cameron aliwashauri wamzike hapo. Wakakataa, wakaendelea mpaka Bagamoyo. Jacob alifika hata London, akawa mmoja wa waliolishika jeneza siku ya maziko, Aprili 1874. Kisha akarudi, akafa Urambo, magharibi ya Tabora, mwaka 1892. Maandishi yake yamehifadhiwa hata leo. Basi mtu aliyekuwa mtumwa alishika kalamu, na neno lake halikupotea.

Yuko bibi mmoja katika kigango chetu, umri wake wapita miaka tisini. Tulimwomba atueleze asili ya jamaa yake, akakataa mara mbili. Mara ya tatu akatuma mtoto kutuita. Akasema, “Mwalimu, bibi yangu hakuzaliwa hapa. Aliletwa kutoka Manyema angali mtoto, akauzwa kwa nguo. Jina mlilosikia ni la nyumba iliyomnunua. Jina alilopewa na mama yake aliniambia mimi peke yangu, usiku.” Tukamwuliza, “Bibi, tuandike?” Akakaa kimya kitambo, kisha akajibu, “Andikeni. Mjukuu wangu alipooa waliniuliza ukoo, nami nikasema uongo. Nikifa nao, utabaki kwake.” Jina lile sasa limo katika daftari ya nyumba yao. Si letu kulichapa hapa. Lakini tulimwona mjukuu akilisoma kwa sauti mbele ya watoto wake, na bibi akilia, wala hakulia kwa aibu.

Ndugu zetu, aibu ya utumwa ni ya aliyeuza na aliyenunua; aliyeuzwa hana deni. Injili ya Mathayo yaanza kwa ukoo wa Mwokozi wetu, na humo wametajwa Rahabu, na Ruthu mwanamke mgeni. Huko Kipalapala, katika miaka ya 1880, Mapadre Weupe waliwalea watoto waliokombolewa utumwani. Anayetokana na watu kama hao, kwa nini ajifiche?

Basi, nyinyi wenye nyumba na nyinyi walimu, nunueni daftari moja. Mkae na mzee jioni, mkamwulize kwa upole: jina lake na maana yake, mwiko wa ukoo, walikotoka wazee wake, na nani alibatizwa kwanza. Asipojua mwaka, mwulize kama ilikuwa kabla au baada ya reli kufika Tabora, mwaka 1912. Au Wabelgiji walipouteka mji, Septemba 1916. Au Uhuru, Desemba 1961. Akisitasita, msimlazimishe, rudini siku nyingine. Lakini msikawie mno, kwani wazee hawatungoji.

Mwenyezi Mungu, ajuaye kila mtu kwa jina lake, azibariki nyumba zenu.