Mizani ya Alama Iwekwe Hadharani

Tangu mwaka 2020, mtaala mpya wa sekondari ya chini ulipoanza kufundishwa nchini Uganda, mwalimu wa Manibe, huko Arua, amekabidhiwa amana ambayo waliomtangulia hawakuwa nayo. Kwani asilimia 20 ya matokeo ya mwisho ya mwanafunzi hutokana na kazi za darasani, na asilimia 80 zilizosalia hutokana na mtihani wa Baraza la Taifa la Mitihani, UNEB, ambao kundi la kwanza la mtaala huo liliufanya mwaka 2024.

Amana hiyo ni nzito, maana msahihishaji wa mtihani wa taifa hamjui mtahiniwa, ilhali mwalimu humjua mtoto kwa jina, kwa ukoo na kwa utundu wake, na moyo wa mwanadamu, hata uwe mwema namna gani, huegemea. Kwa rai yangu, insafu haipatikani ila mwalimu na wanafunzi wakubaliane, kabla kazi haijaanza, kazi njema ni ipi. Tuseme darasa linachunguza kwa nini mihogo ya shamba moja imeoza na ya jirani imestawi. Wanafunzi wenyewe watataja kupima, kulinganisha na kutoa sababu. Mwalimu ataongeza walichosahau, orodha ibandikwe ukutani, na kila mmoja ajihukumu kwayo kabla ya kukabidhi daftari. Hapo mtoto aliyelelewa kwa Kilugbara, au kwa Kikakwa kule Koboko, hatanyimwa alama za sayansi kwa taksiri ya sarufi ya Kiingereza, maadamu sarufi haimo katika mapatano.

Hata mapatano hayo yakishafikiwa, namna ya kuirudisha kazi nayo ina uzito wake. Mwaka 1988 mtafiti Ruth Butler alichapisha utafiti alioufanya kwa wanafunzi wa Israel: waliopewa maelezo kuhusu kazi zao peke yake walisonga mbele, walakini waliopewa maelezo pamoja na alama hawakupata faida hiyo. Wala si ajabu, kwani mtoto akishaiona alama, jicho lake hukimbilia daftari la mwenziwe.

Basi, enyi walimu, andikeni maelezo kwanza, mpeni mwanafunzi fursa ya kuitengeneza kazi yake, ndipo alama ifuate. Na darasa likiwa kubwa kupita kiasi, fanyeni hivyo kwa kazi moja tu katika kila mada.