Pazia Lililokwama na Usalama wa Dirisha

Tuingiapo katika nyumba iliyoibiwa usiku, kwanza tunautazama mlango, kisha dirisha. Giza likishatanda na taa ikawashwa ndani, aliye nje huona kila kitu naye haonekani: simu iliyo mezani, mkoba wa mfanyabiashara wa samaki, mahali mtoto alalapo. Kwa sababu hiyo tumeona yafaa kuandika juu ya pazia, ingawa wapo watakaodhani jambo hili si la polisi.

Nyumba nyingi za mwambao wetu hutundika kitambaa, na kitambaa hakina ufundi wa kuharibika. Maofisi, nyumba za wageni na baadhi ya nyumba mpya huwekewa mapazia ya vibao, yale ambayo mafundi huyaita blaindi. Aina isiyo na kamba ya kuvuta ndiyo tunayoipendelea, na sababu yake ni nzito. Kamba inayoning'inia humnyonga mtoto kimyakimya, hata mzazi akiwa chumba cha pili. Nchini Marekani, Tume ya Usalama wa Bidhaa za Watumiaji imekuwa ikieleza kwamba watoto wapatao tisa walio chini ya miaka mitano hufa kwa njia hiyo kila mwaka, na tangu Desemba 2018 kanuni za huko zinataka mapazia yanayouzwa tayari dukani yasiwe na kamba, au kamba yake isifikiwe na mkono wa mtoto. Mapazia ya zamani yenye kamba bado huweza kukutwa miongoni mwa bidhaa za mitumba. Mnunuzi na ayatazame kabla ya kulipa.

Pazia lisilo na kamba nalo lina maradhi yake. Ndani ya reli ya juu mna springi na vigurudumu vinavyozungusha nyuzi nyembamba. Nguvu ya springi na uzito wa vibao hulingana, ndipo pazia husimama popote mkono ulipoliacha. Usawa huo ukipotea, pazia huteremka lenyewe au hukataa kupanda. Livute hadi chini kabisa, kisha uliinue taratibu kwa mikono miwili mpaka juu, na urudie mara kadhaa. Mara nyingi springi hurejea katika hali yake. Likiwa limepinda upande mmoja, shika reli ya chini katikati, uliteremshe lote, ndipo uliinue likiwa sawa. Likikataa kushuka, usilazimishe: tazama kama vibao vimebanana au reli imechomoka katika vishikio, na ufute vumbi, ambalo wakati wa kiangazi huingia kila mahali.

Pazia la kuviringika lililolegea hutengenezwa kwa namna nyingine. Lishushe kadiri ya nusu, lichomoe katika vishikio, liviringe kwa mkono, ulirudishe. Likipanda kwa kishindo, umelikaza kupita kiasi, basi lipunguze mizunguko. Springi yenyewe isifunguliwe, kwani ikiachia ghafla huumiza vidole. Na uzi wa ndani ukichanika, tusijaribiwe kufunga kamba ya nje ili pazia lifanye kazi. Kufanya hivyo ni kuirudisha ile hatari tuliyoikimbia.

Hapo ni wakati wa kubadilisha. Pima upana wa dirisha mahali patatu, juu, katikati na chini, kisha uchukue kipimo kilicho kidogo kuliko vyote, maana madirisha katika kuta za matofali ya kuchoma ni nadra kuwa mraba kamili. Vishikio vifungwe kwa skrubu katika mbao, au kwa fisha katika tofali lenyewe, si katika plasta inayomomonyoka. Wavu wa mbu usiondolewe kwa ajili ya kazi hii: Nchelenge ni miongoni mwa wilaya za Zambia zinazosumbuliwa sana na malaria.

Wakati wa kungoja pazia jipya, tundika kitenge kabla ya kuwasha taa. Tunalikazia hili hasa kwa wauza samaki. Uvuvi hufungwa tangu tarehe 1 Desemba hadi mwisho wa Februari, na ifikapo Machi fedha huzunguka upya, wageni hujaa sokoni na bandarini, na kwacha huhesabiwa usiku mezani. Pazia lililokwama juu humwonyesha mpita njia hesabu hiyo. Lililokwama chini mchana kutwa, siku baada ya siku, latangaza kwamba wenyewe hawapo.

Hata hivyo pazia huficha tu, halizuii mkono. Dirisha lililoachwa wazi nyuma ya pazia zuri huingizwa mti wenye ndoano, na katika mwambao wa wavuvi hatuna haja ya kueleza ndoano hufanya nini. Komeo lifungwe. Penye nondo, dirisha moja la chumba cha kulala liwe na nondo zinazofunguka kwa ndani, na ufunguo wake ujulikane na kila mkubwa wa nyumba, ili moto ukizuka watu wapate pa kutokea.

Pazia kuukuu likishatolewa, nyuzi zake zote zikatwe vipande vifupi kabla ya kutupwa, kwa maana watoto wetu huokota kila kitu na kukifanya mchezo.