Jiko la uani lililopinda: Njia nafuu ya kulitengeneza bila kubomoa

KATIKA nyumba nyingi za Kiswahili mijini na kwenye miji midogo ya wilayani, jiko ndilo hujengwa mwisho. Vyumba vinakamilika, ukumbi unapita katikati, choo kinapata mahali pake, halafu kipande cha kiwanja kinachobaki uani, hata kama kimekaa vibaya, ndicho kinachogeuzwa kuwa jiko.

Matokeo yake yanajulikana. Jiko linakuwa pana upande mmoja na jembamba upande wa pili, kwa sababu ukuta wa nyuma umefuata mpaka wa jirani. Dirisha ni dogo au halipo. Maji yako nje na mkaa uko kona nyingine. Mpishi anashinda akizunguka.

Kwa familia inayopika ugali wa jioni, huo ni usumbufu. Kwa mama lishe, mchoma maandazi, au mkulima anayesindika karanga na viungo nyumbani, ni hasara ya kila siku. Jiko ni karakana yake, na karakana iliyopangwa ovyo hula faida hata soko likiwa zuri.

Ushauri ambao wengi hupewa na mafundi ni kubomoa na kujenga upya jiko la mraba. Ushauri huo una gharama kubwa, na mara nyingi fedha zinazotumika ni zile zilizotengwa kwa mbegu, mbolea au bidhaa za dukani. Kabla ya kufikia huko, zipo hatua kadhaa zinazoweza kulifanya jiko lililopinda lifanye kazi vizuri, huku likibaki na sura yake.

Hatua ya kwanza haina gharama

Kazi huanza kwa futi ya kupimia na karatasi yenye miraba. Kila ukuta upimwe peke yake, kwa sababu katika jiko la namna hii kuta zinazotazamana hazilingani. Kwenye karatasi, sentimita 5 zichukuliwe kuwa mita 1. Mlango, dirisha, bomba na mahali pa moto vichorwe vyote.

Kisha mpishi ahesabu safari zake kwa siku moja ya kazi: mara ngapi anakwenda kwenye maji, kwenye mkaa, kwenye sahani. Watu wengi hushangazwa na hesabu hiyo.

Tuchukue mfano wa mpishi ambaye maji yake yako mita 6 kutoka anapokatia mboga, naye huenda na kurudi mara 60 kwa siku. Huyo anatembea mita 720 kila siku kwa ajili ya maji tu. Ndoo ikisogezwa hadi mita 2, atatembea mita 240. Kwa siku 300 za kazi, anaokoa kilomita 144, ambazo ni karibu robo tatu ya safari ya kutoka Dar es Salaam hadi Morogoro. Na hakuna shilingi iliyotumika.

Hesabu za aina hii si ngeni. Mwaka 1926, msanifu majengo wa Austria, Margarete Schütte-Lihotzky, alibuni jiko dogo kwa ajili ya nyumba za bei nafuu katika mji wa Frankfurt, Ujerumani. Lilikuwa na upana wa takriban mita 1.9 na urefu wa mita 3.4. Alijifunza kutokana na majiko ya mabehewa ya treni, ambamo chakula cha abiria wengi hupikwa mahali pembamba sana, na akapima muda wa kila kazi. Majiko yapatayo 10,000 ya aina hiyo yalijengwa.

Hata hivyo, jiko hilo lilikosolewa baadaye kwa jambo moja: lilimtosha mtu mmoja tu. Hilo ni funzo kubwa kwa Afrika Mashariki, ambako jikoni huwa na watu wawili au watatu, mmoja akikuna nazi, mwingine akichambua mchele. Njia ya kupita kati ya meza na ukuta isipungue mita 1.

Mfano wa mpangilio

Chukua jiko lenye urefu wa mita 4. Upande wa mlango lina upana wa mita 2.2, na upande wa ndani mita 1.4. Ukuta mmoja umenyooka, mwingine umekwenda mshazari.

Kosa la kawaida ni kuweka meza kwenye ukuta wa mshazari ili kuuficha. Meza hiyo hubana njia na kona hazifanani. Mpangilio ulio bora ni kuacha kazi zote nzito zifuate ukuta ulionyooka: karibu na mlango maji na kuoshea vyombo, katikati kukata na kukanda, na mwisho kabisa, kwenye ukuta mfupi wa ndani, moto. Meza ya mita 3 inatosha, na mita 1 inayobaki inakuwa ya majiko.

Mpangilio huo unafuata mwendo wa chakula chenyewe, kutoka kuoshwa hadi kuiva. Pia una usalama: mpishi akisimama mbele ya moto, mlango uko nyuma yake na njia ni wazi. Moto haupaswi kukaa kati ya mtu na mlango.

Ukuta wa mshazari nao utengenezewe rafu zinazopungua. Zianze na kina cha sentimita 40 karibu na mlango, ambako nafasi ni kubwa, na ziishie bila kitu zinapokaribia moto. Kwa hesabu ya jiko hili, njia ya katikati itabaki na upana wa kati ya mita 1 na 1.2 tangu mlangoni hadi meza inapoishia. Fundi seremala wa mtaani anaweza kukata mbao hizo kwa mshazari bila shida akipewa mchoro.

Tahadhari kwa wakulima: kona iliyobaki isigeuzwe ghala la mahindi au karanga. Mvuke wa kupikia na maji ya kuoshea huleta unyevu, na unyevu huleta ukungu wenye sumukuvu. Nchini Kenya mwaka 2004, mahindi yenye sumu hiyo yaliua watu 125. Nafaka ikae chumba kikavu, juu ya vichanja, na jikoni iletwe ya wiki tu.

Meza ya zege na hesabu zake

Meza ya zege hudumu kuliko ya mbao laini, haiogopi maji, na hujengwa na fundi yeyote wa kawaida. Kwa meza ya urefu wa mita 3, upana wa sentimita 60 na unene wa sentimita 7.5, zege linalohitajika ni mita za ujazo 0.135. Kwa mchanganyiko wa saruji moja, mchanga mbili na kokoto nne, mfuko mmoja wa saruji wa kilo 50 unatosha.

Miguu minne ya tofali, kila mmoja ukiwa mita 1 kutoka kwa mwenzake, itakula tofali zipatazo 20. Saruji ya kujengea miguu na kupiga lipu ikijumlishwa, mifuko mitatu inatosha kwa kazi yote. Nondo za milimita 8 ziwekwe ndani ya zege kila baada ya sentimita 15. Zege limwagiwe maji kwa siku 7 angalau, na lisibebeshwe mzigo mzito kabla ya hapo.

Urefu wa meza kutoka sakafuni usichaguliwe na fundi. Mpishi asimame, akunje mkono, na meza ije chini ya kiwiko kwa sentimita 10 hadi 15. Kwa watu wengi itaangukia kati ya sentimita 80 na 90. Sehemu ya kukandia unga iwe chini zaidi kidogo, kwa sababu kukanda hutaka uzito wa mwili.

Moshi ni gharama

Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa mwaka 2020 moshi wa majumbani ulisababisha vifo milioni 3.2 duniani, vikiwamo vya watoto wa chini ya miaka mitano zaidi ya 237,000. Kwa mfanyabiashara, ugonjwa wa mpishi ni siku bila mauzo.

Jiko lenye ukuta mmoja tu unaotazama nje halipitishi hewa vizuri. Matundu yaachwe juu, karibu na paa, ili moshi utoke, na mengine chini upande wa mlango ili hewa safi iingie. Panapotumika kuni, dohani ya bomba la bati la inchi 4 hadi 6 ipande hadi juu ya kilele cha paa. Bati moja la kupitisha mwanga likiwekwa juu ya meza, taa haitahitajika mchana.

Mkaa usipikiwe kwenye chumba kilichofungwa hata kama hautoi moshi unaoonekana, kwa kuwa hewa yake ya sumu haina rangi wala harufu.

Majiko sanifu yenye udongo wa kuchoma ndani, yaliyoanza kuenea kutoka Kenya miaka ya 1980, hupunguza matumizi ya mkaa. Tuseme mama lishe anatumia mkaa wa shilingi 3,000 kwa siku, na jiko jipya likampunguzia theluthi moja. Ataokoa shilingi 1,000 kwa siku, sawa na 26,000 kwa mwezi wa siku 26 za kazi. Ukarabati wa shilingi 150,000 utajilipa katika miezi sita. Kila mwenye jiko afanye hesabu hii kwa bei za kwake kabla ya kumwita fundi.

Tanzania ilizindua mwezi Mei 2024 mkakati wa miaka 10 unaolenga asilimia 80 ya wananchi watumie nishati safi ya kupikia ifikapo 2034. Anayejenga sasa aache nafasi ya gesi au umeme hata kama bado anatumia mkaa. Gesi ya mitungi ni nzito kuliko hewa, hivyo ikivuja hutuama chini. Ndiyo maana matundu ya chini yana umuhimu. Mtungi usimame wima, mbali na jiko la mkaa, na maungio yapimwe kwa povu la sabuni, si kwa kiberiti.

Sura ya jiko isipotee

Jiko la zamani lina vitu ambavyo fedha za leo hazinunui kwa urahisi. Nyumba za mwambao zina zidaka ndani ya kuta nene za mawe. Hizo ni rafu zilizokwisha lipiwa. Mlango wa mbao ngumu unahitaji kusuguliwa na kupakwa mafuta tu. Kinu, mbuzi ya kukunia nazi na kigoda vipewe mahali pake karibu na mlango, penye mwanga, badala ya kufukuzwa kwa sababu ya meza mpya.

Kuta zipakwe chokaa. Ni rahisi kupaka, huangaza chumba chenye giza, na huacha ukuta wa mawe au udongo upumue. Masinki, milango na madirisha yaliyotolewa kwenye majengo yanayobomolewa hupatikana kwa bei ya chini. Yapimwe kwanza ndipo yanunuliwe.

Mpango wa fedha

Kazi igawanywe kwa awamu, na kila awamu imalizike kabla ya nyingine kuanza. Kwanza, kuhamisha vitu na kutoboa matundu ya hewa. Pili, jiko sanifu na dohani. Tatu, meza ya zege. Nne, rafu, sakafu na chokaa. Awamu mbili za kwanza ndizo zinazorudisha fedha, hivyo zinaweza kuchangia zinazofuata.

Katika kila awamu, asilimia 10 hadi 15 ya bajeti ibaki kama akiba ya dharura, kwa sababu ukuta wa zamani ukiguswa huonyesha yaliyofichika. Malipo ya fundi yawe kwa hatua, na vifaa vinunuliwe na mwenye nyumba. Wakulima wafanye kazi hii baada ya mavuno, wakati wa kiangazi, na kamwe mtaji wa pembejeo usiingie kwenye tofali. Mkopo wa biashara unaorejeshwa kila wiki haufai kwa ujenzi ambao faida yake inakuja kidogo kidogo kwa miezi.

Kwa mpangaji, hesabu ni nyingine. Meza ya zege ni mali ya mwenye nyumba siku mpangaji anapohama. Yeye achague vitu vinavyobebeka: meza ya mbao, rafu za kutundika na jiko sanifu. Akilazimika kujenga, yaandikwe makubaliano kwamba gharama itakatwa kwenye kodi, na pande zote mbili zitie saini.

Jambo la mwisho linahusu nani anaamua. Katika familia nyingi, anayetoa fedha huongea na fundi, na anayepika huonyeshwa jiko likiwa limekwisha. Ndiyo chanzo cha meza ndefu mno, rafu zisizofikika na moto uliowekwa mlangoni. Mchoro wa jiko ukae mkononi mwa mpishi tangu siku ya kwanza, na fundi asichanganye saruji kabla mpishi hajasimama mahali pa meza na kuonyesha kwa mkono wake iishie wapi.