Tarakilishi kuukuu ni mwalimu, tusiitupe jaani

Wahenga walinena kuwa kipya kinyemi ingawa kidonda. Msemo huu unaafiki kikamilifu mwenendo wetu kuhusu vyombo vya elektroniki. Simu ikipasuka kioo, hutafutwa nyingine. Tarakilishi ya shule ikikataa kuwaka, husukumwa stoo pamoja na madawati yaliyovunjika, na baada ya miaka michache huishia jaani. Ni nadra kumsikia mtu akiuliza ni kitu gani hasa kilichoharibika ndani yake.

Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba swali hilo lina manufaa makubwa kwa mwanafunzi, na kwamba wale wanaokarabati tarakilishi za kale wanafanya kazi ya elimu na ya historia kwa pamoja. Mfano nitakaoutumia ni wa mashine iliyobuniwa Uingereza zaidi ya miaka 40 iliyopita, iitwayo BBC Micro.

Mashine hiyo ilitengenezwa na kampuni ya Acorn ya mjini Cambridge, na ikaanza kuuzwa mwishoni mwa mwaka wa 1981. Shirika la utangazaji la BBC lilikuwa limeandaa vipindi vya televisheni vya kuufunza umma matumizi ya tarakilishi, nalo likahitaji mashine ambayo mtazamaji angeweza kuinunua na kuyafuata mafunzo hayo nyumbani kwake. Ilitarajiwa kwamba zingeuzwa mashine 12,000 hivi. Zikauzwa zaidi ya milioni moja na nusu. Serikali ya nchi hiyo ilizisaidia shule kwa kulipa nusu ya bei, na hivyo mashine hiyo ikawa chombo cha kawaida darasani katika mwongo mzima wa themanini.

Ukiilinganisha na vyombo vya leo, utacheka. Aina iliyopendwa zaidi ilikuwa na kumbukumbu ya kilobaiti 32 tu. Simu ya kawaida yenye kumbukumbu ya gigabaiti 4 inaishinda mara 131,072. Moyo wake, yaani prosesa ya 6502, ulifanya kazi kwa mapigo milioni mbili kwa sekunde. Watu wengi walihifadhi programu zao katika kanda za kaseti, zilezile zilizotumiwa kurekodia muziki.

Hata hivyo, udogo huo ndio unaoifanya kuwa mwalimu bora. Mwanafunzi mwenye bidii anaweza kuielewa mashine yote, kutoka waya wa umeme hadi herufi inayotokea kwenye kiwambo. Kila chipu ina kazi inayojulikana, na michoro ya saketi zake ilichapishwa vitabuni ili kila mwenye haja aisome. Kifuniko chake kilifungwa kwa skrubu chache ambazo mtu yeyote mwenye bisibisi aliweza kuzifungua. Ni nani leo awezaye kusema hayo kuhusu simu iliyo mfukoni mwake, iliyofungwa kwa gundi na betri yake kufichwa kana kwamba mwenye simu ni mwizi?

Fundi anayeifahamu mashine hii huanza kazi bila kuichomeka plagi, na ana sababu nzuri. Ndani ya kisanduku kinachopokea umeme mna kapasita ndogo zilizowekwa ili kuzuia kelele za umeme zisivurugie majirani redio na televisheni. Kapasita hizo zimevikwa plastiki inayopitisha mwanga, ambayo kwa kupita miaka hupata nyufa nyembamba. Unyevu wa hewa hupenya humo na kuingia katika karatasi iliyo ndani yake. Mashine iliyolala kabatini miaka 30 ikiwashwa ghafla, kapasita hupasuka na chumba kikajaa moshi mzito wenye harufu kali.

Mwenye mashine akiuona moshi huo huamini kwamba yote yamekwisha, akaipeleka jaani. Kumbe kilichoungua ni kijisehemu cha bei ndogo mno, ambacho fundi hukitoa na kukibadilisha kwa muda mfupi. Aghalabu mashine huwaka tena kana kwamba hapakuwa na lolote. Tujiulize ni vyombo vingapi vilivyozikwa vikiwa hai kwa sababu ya moshi wa namna hiyo.

Hapa sina budi kutoa onyo kwa wanafunzi. Kisanduku hicho hupokea umeme wa volti 240, sawa na ule wa majumbani kwetu. Kapasita kubwa iliyomo huweza kubaki na umeme wa zaidi ya volti 300 hata baada ya plagi kuchomolewa. Umeme huo unaweza kuua. Sehemu hiyo ni ya fundi aliyehitimu, na mwanafunzi atazame kwa mbali mikono yake ikiwa nyuma.

Baada ya hapo kazi huwa salama na tamu zaidi. Kwanza hupimwa umeme unaotoka kwenda kwenye ubao mkuu, ambao unapaswa kuwa volti 5. Ukiwa pungufu, chipu hazitaamka. Ukizidi mno, zitaungua. Kisha chipu zilizochomekwa kwenye soketi huchomolewa moja baada ya nyingine, miguu yake ikasafishwa kutu, na kurudishwa ikielekea upande uleule ilikotoka. Mara nyingi ugonjwa wote huwa ni huo wa miguu iliyopoteza mgusano.

Halafu fundi huisikiliza mashine. BBC Micro iliyo nzima, pindi tu inapowashwa, hutoa milio miwili: wa kwanza mzito, wa pili mwembamba. Mlio mzito hutokana na chipu ya sauti, ambayo huanza kulia yenyewe mara inapopata umeme. Prosesa inapoamka huinyamazisha, kisha ikatoa mlio wa pili kuashiria kuwa iko tayari.

Basi mtu akisikia mlio mzito usiokoma, tayari amejua mambo mawili. Kwanza, umeme unaifikia chipu ya sauti. Pili, prosesa haikufanikiwa kuianza kazi yake. Uwanja wa kutafuta kosa umepungua kabla hajagusa chombo chochote cha kupimia. Akisikia milio yote miwili lakini kiwambo kikawa cheusi, atajua kuwa prosesa imeamka, na kwamba shida imo katika sehemu za picha, au hata kwenye waya unaoelekea kwenye televisheni.

Walimu wa sayansi wataitambua njia hii mara moja. Ndiyo tunayoihubiri katika maabara: tazama, kisia, pima, badilisha kitu kimoja tu kwa wakati mmoja, kisha uandike ulichokiona. Tofauti ni kwamba katika maabara mwanafunzi wetu huwa tayari analijua jibu linalotakiwa na mtahini, na huweza kulipika. Mashine mbovu haipikiki. Ama itawaka au itakataa, wala haijali umeandika nini daftarini.

Kuna wanaouliza ni kwa nini mtu apoteze wakati wake kufufua mashine ambayo kazi yake yote inaweza kufanywa na programu ya kuiigiza ndani ya tarakilishi ya kisasa. Swali hili lina uzito. Programu za kuigiza zipo, ni nzuri, na pengine zitadumu kuliko mashine zenyewe. Lakini mtu hawezi kujifunza kulehemu kwa kutazama picha ya chuma cha kulehemu, na wala hawezi kuthibitisha kwamba mwigo ni sahihi iwapo hakuna hata mashine moja ya asili iliyobaki hai ya kulinganisha nayo.

Kisa kifuatacho kitalifafanua jambo hili. Mwaka wa 1986 Waingereza waliadhimisha miaka 900 tangu kuandikwa kwa Domesday Book, kitabu cha mwaka wa 1086 kilichoorodhesha mashamba na mali ya nchi yao kwa amri ya Mfalme William. Ili kuadhimisha, BBC iliandaa kitabu kipya cha zama mpya. Zaidi ya watu milioni moja walishiriki, wengi wao wakiwa wanafunzi, wakiandika habari za vijiji vyao, vyakula vyao, kazi za wazazi wao na michezo yao. Yote hayo yaliwekwa katika santuri mbili kubwa zilizosomwa kwa mwanga wa leza, kwa kutumia mashine maalumu iliyounganishwa na tarakilishi ya Acorn.

Ilipofika mwaka wa 2002, haikutimia hata miaka 20, watafiti walikuwa wanahangaika kuziokoa santuri hizo. Vyombo vya kuzisomea vilikuwa vimeadimika, na vilivyobaki vilikuwa vinakufa kimoja kimoja. Wakati huohuo kile kitabu cha mwaka wa 1086, kilichoandikwa kwa wino juu ya ngozi ya kondoo, kilikuwa bado chasomeka. Kama si wataalamu waliodumisha vyombo vichache vya zamani na kubuni programu za kuviigiza, sauti za wale watoto zingepotea kabisa.

Nasi tujiangalie. Ni shule ngapi nchini zilizo na visahani vya disketi vya miaka ya tisini katika droo ya ofisi, vyenye orodha za wanafunzi, mitihani ya zamani, magazeti ya shule na mashairi ya watoto ambao sasa ni wazazi? Ni nani ana mashine ya kuvisomea? Kila mwaka unaopita sumaku iliyomo hudhoofika, na siku tutakapovihitaji tutabaki kuvitazama kama mtu asiyejua kusoma anavyoutazama mkataba.

Kuna faida nyingine ambayo wengi hawaifahamu. Wahandisi wa Acorn, Sophie Wilson na Steve Furber, walitumia BBC Micro hiyohiyo kubunia prosesa mpya. Wilson aliandika mwigo wa prosesa hiyo katika lugha ya BASIC ya mashine hiyo, na chipu ya kwanza ilipofika kutoka kiwandani, tarehe 26 Aprili 1985, ilijaribiwa ikiwa imeunganishwa na BBC Micro. Chipu hiyo iliitwa ARM. Vizazi vyake ndivyo vinavyoendesha takriban kila simu ya kisasa duniani, ikiwemo ile unayotumia kulipia karo na nauli. Kwa hivyo anayeifungua mashine ile kuukuu anamtazama babu wa simu yake.

Suala hili lina upande mwingine wenye uchungu. Kwa mujibu wa ripoti ya Umoja wa Mataifa ya mwaka wa 2024, ulimwengu ulizalisha tani milioni 62 za taka za elektroniki katika mwaka wa 2022, na ni asilimia 22.3 pekee zilizothibitishwa kukusanywa na kuchakatwa ipasavyo. Baadhi ya zilizosalia huishia majaani, ambako vijana huchoma nyaya ili wapate shaba, wakavuta moshi wenye sumu. Kila mashine inayorudishiwa uhai ni mzigo uliopunguzwa kwenye jaa na kwenye mapafu ya mtoto wa mtu.

Bunge letu lilipitisha mwaka wa 2022 sheria ya usimamizi endelevu wa taka, inayowataka watengenezaji wabebe dhamana ya bidhaa zao hata baada ya kutumika. Umoja wa Ulaya nao ulipitisha mwaka wa 2024 agizo la kumlinda mnunuzi anayetaka chombo chake kitengenezwe. Hizo ni hatua njema, ila sheria haina mikono. Pasipo watu wenye ujuzi wa kutengeneza, haki ya kutengenezewa itabaki kwenye karatasi.

Ujuzi huo hatuuanzi kutoka sifuri. Mafundi wetu wa jua kali wamefufua redio, pasi na injini kwa vizazi kadhaa. Shirika la Computers for Schools Kenya, lililoanzishwa mwaka wa 2002, limekuwa likikarabati tarakilishi zilizotumika na kuzipeleka shuleni. Kinachokosekana ni daraja kati ya kibanda cha fundi na darasa la fizikia.

Ninapendekeza mambo matatu. Mosi, kila shule ya upili iwe na chama cha ukarabati, chini ya mwalimu wa sayansi na fundi wa mtaani atakayelipwa kwa kazi yake. Pili, kabla mashine yoyote haijatolewa stoo kwenda jaani, wanafunzi waifungue, waitambue kila sehemu, na waandike ripoti ya kilichoiua. Tatu, shule ihifadhi walau mashine moja ya kila zama ikiwa inafanya kazi, pamoja na vitabu vyake na disketi zake. Sehemu zilizobadilishwa ziandikwe na zile za asili ziwekwe kwenye bahasha, ili atakayekuja baadaye ajue ni kipi cha kale na ni kipi cha juzi.

Gharama ya mambo haya ni ndogo. Bisibisi, mita ya kupimia umeme, chuma cha kulehemu na spiriti ya kusafishia havifiki bei ya tarakilishi moja mpya. Kitu cha ghali ni subira, nayo haiuzwi dukani.

Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Mwanafunzi aliyewahi kuirudishia uhai mashine iliyokatiwa tamaa hatakubali kwa wepesi kuambiwa kwamba kitu fulani hakitengenezeki, kiwe ni pampu ya kijiji, zahanati au daftari la hesabu za umma. Walimu wakuu, tafuteni ufunguo wa stoo.